Honi Ambayo Sikuipiga

Honi sikupiga. Watu wa Kililana waliokuwapo asubuhi ile wanaamini nilipiga, tena mara mbili, na wapo miongoni mwao ambao hata leo wakiulizwa wataapa kwamba waliisikia. Waliisikia kinywani mwangu. Gari lenyewe halikutoa sauti ila mngurumo wa dizeli, na mngurumo ule ulikuwa umeshazoeleka, kwa kuwa kila alfajiri nilikuwa nikiliwasha na kuliacha lichemke pale pale muda mrefu huku mimi nikinywa chai.

Nimeliweka jambo hilo juu kabisa ili msomaji akichoka njiani awe ameshalipata. Yaliyobaki ni maelezo ya jinsi mtu mzima, aliyelelewa na watu wenye adabu, alivyofika hadi kumvunja mtoto wa watu mguu na kisha kumzulia uziwi.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu kisiwani. Kwetu barabara ni kichochoro, na lori ni punda. Mji wa kale, ule ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, una mapito ambamo punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hana budi kurudi. Nikiwa mdogo nilibeba mchanga na mawe kwa punda wa ami yangu, na jambo la kwanza alilonifunza lilikuwa kupaza sauti: "Simile! Simile!" La pili lilikuwa kumshika punda shingo mpaka yule aliyeambiwa simile awe amejibanza ukutani. Ami alikuwa mkali sana hapo. Ukiita simile kisha ukapita bila kungoja, na punda akamgonga mtu, bakora ilikuwa yako. Punda hakuwa na kosa, na aliyegongwa hakuwa na kosa. Sikumbuki hata mara moja mtu kuuliza kama bibi kizee aliyegongwa alisikia au hakusikia. Mwenye mzigo ndiye aliyengoja.

Malezi hayo niliyaacha kisiwani siku niliyopata leseni.

Nayo leseni niliipata Mombasa. Waliosomea udereva Kenya wanaijua ile meza: mji wa mfano umechorwa juu ya ubao, una barabara na alama zake, na vigari vya kuchezea vya kushika kwa vidole. Mtahini anakuuliza utageuka vipi, utaegesha wapi, nawe unakisukuma kigari huku ukieleza. Mezani nilifaulu sana. Kurudi nyuma juu ya ubao hakuna ugumu wowote: umesimama juu ya mji mzima, unaona mbele na nyuma ya gari kwa pamoja, na hakuna mtoto wala punda aliyewekwa pale. Tulipotoka nje, mtahini alinipeleka mbele, nikakata kona moja ya kulia, nikasimama, akashuka. Rivasi sikuulizwa, nami sikuwa mjinga wa kujitolea kuonyesha nisichokijua.

Kililana, ng'ambo ya kisiwa huku bara, nilifuata riziki. Hapa palikuwa mashamba, mihogo na simsim, miembe na mikorosho, na upande wa bahari ghuba ya Manda na wavuvi wake. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki alikuja huku Lamu pamoja na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia kuzindua mradi wa LAPSSET, ambao bandari yake ingejengwa hapa, na tangu hapo jina la Kililana likawa linatajwa bungeni na magazetini na watu ambao hawajawahi kulikanyaga vumbi lake. Mwaka 2015 wenye ardhi wakaanza kulipwa fidia, shilingi milioni 1.5 kwa ekari. Mimi sikuwa na ekari hata ya kuzikiwa, lakini niliziona fedha zile zilivyotembea. Wa kujenga walijenga, wa kuoa walioa, na wa kununua vyombo vya moto walinunua. Mahali ambapo kila mtu alikuwa akimjua kila mwenye baiskeli pakaingia Probox, bodaboda, na malori ya wakandarasi wa Kichina yakibeba kokoto kwenda bandarini. Malori yale nitayasifu kwa jambo moja. Yakirudi nyuma yalikuwa yanasema. Sauti ya mwanamke, maneno yaleyale ya Kichina, tena na tena, mpaka dereva atoe gia. Hakuna aliyeelewa hata neno moja, lakini kuku wa Kililana walijua maana yake na walihama.

Pikapu yangu haikusema. Niliinunua kuukuu kwa mkopo wa jamaa, nikaivisha turubali, nikawa nabeba samaki na barafu kwenda Malindi na Mombasa. Barabara ya Garsen hadi kwetu ilikuwa bado haijakamilika lami. Tena tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 hatukuruhusiwa kuipita usiku, na mchana magari yalikuwa yakienda kwa msafara na polisi. Eskoti ilikuwa na saa yake. Ukiikosa, ulibaki katika mji mdogo wa Hindi na samaki wako ukiitazama barafu inavyokuwa maji. Nayasema haya ili ieleweke haraka yangu ilitoka wapi, ingawa haraka ile haikumhusu kabisa mtu aliyekuwa akipita nyuma ya gari.

Kosa la kwanza nililifanya jana yake, saa nane mchana, gari likiwa limezimwa.

Mbele ya duka moja pale palikuwa na mwarobaini mkubwa. Madereva wenzangu wa Pwani, semeni kama nasema uongo: sisi tunaegesha kwa kufuata kivuli. Hatuangalii watu wanapita wapi, tunaangalia jua liko wapi na saa kumi litakuwa limehamia wapi. Mwenye samaki ndiye mbaya kuliko wote, maana ana udhuru wa barafu na kila mtu anamwonea huruma. Nilikuwa nikiingiza pua ya pikapu mpaka karibu iguse baraza ya duka, mkia ukabaki umekatiza njia ya miguu itokayo kisimani. Njia ile ilikuwapo kabla ya duka. Walipita wanawake na ndoo zao, watoto wa shule, na punda wa maji. Gari likiwa pale walikuwa na hiari mbili tu: wajipenyeze kati ya bampa langu na ua wa michongoma, au washuke barabarani wakapigane vikumbo na malori.

Mama mmoja muuza mbaazi aliniambia, tena kwa upole. "Mwanangu, gari lako limetuziba njia. Lisogeze kidogo, watu wapite na punda wao."

"Njia pana hiyo, mama. Zungukeni tu."

Nilikuwa nimelala mkekani, kivulini, kofia usoni. Kofia sikuiondoa. Katika yote ninayoyaungama hapa, jibu hili kwa mama yule linanichoma karibu sawa na uongo wenyewe, kwa sababu uongo nilisema nikiwa na hofu na jibu hili nilitoa nikiwa nimestarehe.

Fikirini mpangilio wake. Gari limeingizwa pua ukutani, kwa hiyo haliwezi kutoka ila kinyumenyume. Na kinyumenyume ndipo nilipowabana watu wapite, kwa kuwa sikuwaachia pengine. Ni mimi niliyewapanga nyuma ya gari langu. Asubuhi yake nikashangaa kuwakuta.

Asubuhi ile ya mwaka 2018 watu walikuwa wameshatoka msikitini Alfajiri, mwanga bado haujakamilika. Mashua za samaki zilikuwa zimechelewa, barafu niliipata kwa taabu, na eskoti haingoji mtu. Kioo cha pembeni cha kushoto kilikuwa kimevunjika tangu Ramadhani. Nilikifunga kwa mpira wa baiskeli na kilikuwa kinaonyesha mbingu. Kioo cha kati kilinionyesha turubali. Utingo wangu, ambaye kazi yake ni kusimama nyuma, kugonga bodi na kuita "rudi, rudi, rudi, hapo!", nilikuwa nimemtuma hotelini kununua mahamri ya njiani. Ningeweza kumngoja. Ningeweza kushuka nikalizunguka gari kwa muda usiotosha kumaliza kikombe cha kahawa. Nikaingiza rivasi, nikaachia klachi.

Nilichosikia kwanza ni maji. Dumu lilipasuka, likafuata la pili, kisha punda akalia. Mtoto hakulia. Alikuwa mvulana wa miaka kumi na moja, ametumwa maji kabla ya kwenda shule, amepita kati ya bampa na michongoma. Punda alivunjika mguu wa nyuma, juu kabisa, karibu na nyonga. Mtoto gurudumu lilimpanda kwenye kifundo.

Watu walishuka barazani na vikombe vyao mikononi. Mmoja akauliza, wala sidhani alikuwa na nia ya kunisaidia, "Ulipiga honi?"

Nikaona pa kutokea. "Nilipiga," nikasema. Nikaona haitoshi. "Nilipiga mara mbili."

Ile mara mbili ndiyo iliyowakinaisha. Haukupita muda mzee mmoja akasema hata yeye aliisikia, ila alidhani ni lori. Wa pili akakubaliana naye. Sikuwaomba ushahidi, na si watu waongo. Ninawajua, ninasali nao. Upande mmoja palikuwa na dereva mwenye leseni anayezungumza, upande wa pili mtoto ameketi mchangani ameshika mguu hazungumzi, na masikio yao yakachagua. Utingo alikuja mbio na mahamri yamefungwa kwenye gazeti. Akanitazama, nikamtazama. Hoteli ilikuwa hatua chache tu kutoka pale na alijua hakuna honi iliyopigwa. Alikuwa na watoto wa kulisha, na kazi yake ilikuwa mkononi mwangu. Akanyamaza. Dhambi ya kunyamaza kwake nimeihesabu kwangu.

Nilimpakia mtoto na babake, nikawashusha gatini Mokowe wapande boti kwenda hospitali kisiwani. Nikatoa nauli na fedha za dawa. Kisha nikageuza gari kwenda Hindi kuwahi eskoti. Niliiwahi. Samaki walifika Mombasa wabichi na niliuza kwa bei nzuri.

Punda hakupata tiba. Huko kisiwani kuna hospitali ya punda tangu mwaka 1987, inayowatibu bila malipo, nami nikiwa mtoto niliwahi kumpeleka punda wa ami mwenye kidonda cha mgongoni. Lakini punda aliyevunjika nyonga hapandi mashua. Alikufa kabla ya adhuhuri pale pale chini ya mwarobaini, na wanaume kadhaa wakafanya kazi ya kumzika.

Niliporudi, wazee walitukalisha. Polisi hatukwenda. Mimi ndiye niliyesema tusifike mbali, sisi sote ni ndugu, na kila dereva anayesoma hapa anajua maneno hayo humfaa nani. Uamuzi ukawa makosa yagawanywe: dereva alirudi nyuma bila kuona, lakini alipiga honi, mtoto alikuwa na haki ya kupita, lakini ana masikio. Nikalipa nusu ya bei ya punda na nusu ya gharama za mguu. Miaka ile bei ya punda ilikuwa imepanda, kwa sababu kuanzia 2016 yalifunguliwa machinjio ya punda nchini yaliyokuwa yakipeleka ngozi China. Hata hapo nilipigania shilingi zangu. Nilisema punda alikuwa mzee.

Wazee niliwadanganya, kwa hiyo siwalaumu. Ninachotaka kijulikane ni kile suluhu ile ilichomnyima mtoto. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inamtaka dereva aliyesababisha ajali ya kuumiza mtu au mnyama asimame na ajitambulishe, na iwapo hilo halikufanyika ipasavyo, aripoti polisi ndani ya saa 24. Mimi sikuripoti wala siku hiyo wala baadaye. Na bima ya mtu wa tatu, ambayo Sura ya 405 inamlazimisha kila mwenye gari awe nayo, imewekwa kwa ajili ya mtu kama yule mvulana hasa: aliyeumizwa na gari asilolipanda. Nilikuwa nayo. Stika yake ilikuwa imebandikwa kwenye kioo cha mbele, wazee wameketi mbele yake. Bila ripoti hakuna dai, na bila dai bima haikutoa hata senti. Nikabaki mimi na nusu yangu ya huruma. Hata lile gari lililoegeshwa ovyo lina adhabu yake: kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 zinatoza shilingi 10,000 kwa anayeacha gari mahali linapowazuia wengine. Kama kuna mtu angenitoza ile elfu kumi siku ya mama wa mbaazi, ningemlaani mwezi mzima, na punda angekuwa hai.

Basi nilidhani mambo yamekwisha. Mguu ulipona, ingawa mtoto akitembea sana huchechemea mpaka leo. Lakini uongo wangu haukubaki pale dukani. Uliingia nyumbani kwao, ukaenda naye shule. Babake alimgombeza akiwa bado na plasta: gari linakupigia honi mara mbili, wewe umelala unatembea? Wenzake darasani wakamtungia jina, Kiziwi. Mamake akaingiwa na hofu ya kweli, akampandisha boti tena kwenda kupimwa masikio. Akaambiwa mtoto anasikia vizuri kabisa. Majibu yale yalizidi kumharibia, kwani kama anasikia, basi ni mzembe, au ni mkaidi, au ana jambo kichwani. Akasomewa Kurani. Akapewa asali na habasoda. Mimi nilikuwa nikiyapata haya yote dukani, nikinywa chai, na nilikuwa nikisema, "Mungu atamponya."

Ataponywa nini?

Nilimwona mara nyingi njiani akisimama ghafla na kugeuka kutazama nyuma, mahali pasipo na gari.

Katika miaka ile nilisoma habari ya daktari mmoja wa watoto huko New York, Greg Gulbransen. Mwaka 2002, nyumbani kwake, alikuwa akirudisha gari nyuma, akamkanyaga mwanawe mwenyewe, Cameron, mwenye umri wa miaka miwili, na mtoto akafa. Baba yule alisimama hadharani akasema mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani, akadai magari yatengenezwe ili dereva aone kilicho nyuma. Sheria yenye jina la mwanawe ilitiwa saini mwaka 2008, na kuanzia Mei 2018 kila gari dogo jipya linalouzwa Marekani linapaswa kuwa na kamera ya nyuma. Mwaka uleule mimi nilikuwa na kioo kinachoonyesha mbingu. Sikuifikiria kamera, maana pikapu yangu hata taa ya rivasi haikuwa nayo. Nilimfikiria yule mtu. Alikuwa na kila sababu ya kunyamaza, na kwa kusema kwake alimpoteza mtoto mara ya pili mbele ya watu. Mimi wangu alikuwa hai, anapita mbele ya baraza kila siku na dumu la maji, na nilishindwa kusema maneno mawili.

Kilichonisukuma mwisho kilikuwa kitu kidogo. Siku moja gatini Mokowe nilisikia nahodha akimkataa kijana aliyeomba kazi ya ubaharia. "Huyu siye Kiziwi? Nikimwambia tua tanga, atasikia?" Watu wakacheka. Kijana hakubisha. Alikuwa ameshazoea kutobisha. Nahodha alikuwa na haki, chomboni asiyesikia amri ni hatari kwa wote. Taarifa aliyokuwa nayo ndiyo ilikuwa ya uongo, na niliitoa mimi.

Nilikwenda kwao jioni baada ya Isha. Nilimkuta babake anashona jarife. Nilikuwa nimetayarisha utangulizi mrefu wenye Mungu na shetani ndani yake; nikauacha. Nikamwambia: ndugu yangu, honi sikupiga, na mwanao hakukosa kitu.

Aliendelea kushona kidogo. Kisha akaniuliza, "Ile nusu ya punda iliyobaki, utalipa kwa bei ya siku ile au ya leo?"

Wapo watakaoona ni swali la ubahili. Mimi nililiona ni swali la mtu aliyefahamu haraka kuliko nilivyotarajia kwamba mbele yake hakuna mgeni wa kusamehewa, kuna mdaiwa. Nikasema ya leo. Akasema, na hospitali? Nikasema na hospitali. Akamwita kijana aje asikie mwenyewe.

Kijana alisimama mlangoni. Nikarudia. Akauliza, "Kwa hivyo hukupiga?"

"Sikupiga."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Akaniambia kwamba kwa muda mrefu alikuwa akijijaribu. Usiku, wengine wakilala, alikuwa akisikiliza mawimbi, injini za boti, saa ya ukutani, ajue ni sauti gani inampita. Hakuna iliyompita. Akaamua kwamba siku ile lazima alikuwa anaota. Alisema hivyo bila hasira, kisha akaenda uani kumwambia mamake, na hapo ndipo niliposikia kilio, na yale aliyonitamkia mama yule kutoka huko uani niliyastahili yote.

Tangu nianze kusema ukweli huu, madereva wenzangu wamenipa faraja nisiyoitaka. Wanasema, hata hivyo, kosa lako ni kusema ulipiga. Ungepiga kweli ungekuwa huna hatia. Hapo tunatofautiana kabisa, na afadhali nilieleze hili kwa urefu kuliko machozi yangu.

Tuseme ningepiga. Gari lililosimama linanguruma, ambalo kila alfajiri hunguruma hapo hapo bila kuondoka, limepiga honi. Anayepita nyuma yake atajuaje kwamba honi ni yake? Huenda ninamwita utingo. Huenda ninamsalimu mwenye bodaboda. Nusu ya honi zinazopigwa kwetu ni salamu. Tuseme amejua ni yake. Aende wapi? Mbele yake punda, kulia bampa, kushoto michongoma. Na punda akishtuka hakimbii kama farasi, husimama akaganda, na mimi niliyekulia mikiani mwa punda nilikuwa nalijua hilo kuliko mtu yeyote barazani pale. Honi ingemgandisha punda mahali pale pale, kisha ningemgonga nikiwa na dhamiri safi.

Anayekwenda mbele anaona, na anayeonwa humwona. Kila mmoja ana nafasi ya kumpisha mwenziwe. Anayerudi nyuma amewageuzia watu kisogo na tani nzima ya chuma. Kumtaka mtembea kwa miguu agawane naye jukumu ni kumtaka amlipie dereva macho yake. Kenya, katika takwimu za vifo vya barabarani, watembea kwa miguu ndio huongoza kwa idadi, na bado kila pakitokea ajali swali letu la kwanza barazani ni kama marehemu alisikia honi. Ami yangu, ambaye hakupata kushika usukani, angelicheka swali hilo.

Sasa hivi Kililana ina bandari. Rais Uhuru Kenyatta alifungua gati ya kwanza tarehe 20 Mei 2021, lami imefika, na magari yameongezeka. Mwarobaini ungalipo. Kuna Probox huegeshwa chini yake pua ukutani vilevile nilivyokuwa nikifanya, na nimezungumza na mwenyewe. Alinijibu kwamba njia pana. Mimi siku hizi nikifika mahali naliingiza gari kinyumenyume mchana kweupe, utingo akiwa nyuma, kisha naondoka kwa pua. Utingo wangu mpya ana amri moja: asipoonekana kiooni, gari haliondoki, hata samaki wakioza. Wameoza mara moja. Yule wa zamani aliacha kazi kitambo; nilimtafuta Mpeketoni nikamwomba radhi, akasema alishasahau, nami sikumwamini.

Nina ombi kwa watu wa Kililana na wa Mokowe. Wazee wangu mlioisikia honi siku ile, nawaomba mseme hadharani, msikitini au barazani, kwamba hamkuisikia, maana haikuwapo. Manahodha, kijana yule anasikia kuliko ninyi. Na ninyi vijana wenziwe, jina alilopewa na babake mnalijua. Mwiteni hilo, na lile jingine, kama lazima libaki na mtu, nibandikeni mimi niliyelisababisha.